Nadhiri Iliyosemwa Kwenye Mvua

Nilisikia kwato kabla sijaona kitu. Ilikuwa asubuhi, huku mtaa wa Himbi, ukungu wa ziwa umejaa barabarani, nami nimesimama kwenye lango la nyumba ninamopanga nikingoja pikipiki. Ko, ko, ko. Sauti kavu, isiyo na haraka. Kwenye vilima vya kwetu Masisi ng'ombe hatembei hivyo, kwa sababu nyasi na udongo humeza hatua zake zote. Ni hapa Goma tu, juu ya mawe meusi ya volkano, ndipo unapomsikia ng'ombe akija kama mtu aliyevaa viatu vya mbao. Nikajua ni mmoja, tena anavutwa kwa kamba. Kabla hajatokea kwenye ukungu, tayari nilikuwa na umri wa miaka tisa tena.

Niwaambie ninyi mnaonisoma, maana nyumbani kwetu jambo hili halisemwi. Si siri. Tuliacha tu kulisema, kama watu wanavyoacha kutumia chumba kimoja cha nyumba. Nikijaribu kukumbuka nilichohisi siku zile, sipati kitu. Ninakumbuka mikono, matope, vikombe. Hisia hazipo, ni kana kwamba mtu alipita akazifagia kabla sijafika.

Papa alikuwa na ng'ombe kumi na wanne. Kwa watu alikuwa na maneno machache, kwa ng'ombe alikuwa nayo mengi. Alipomkamua Gaju, jike wa rangi ya udongo mwekundu aliyempenda kuliko wote, aliegemeza paji la uso ubavuni mwake na kumtajia ukoo wake kwa sauti ya chini: mama yake nani, bibi yake nani, alizaliwa kilima gani, mwaka wa mvua gani. Kaka yangu Bahati na mimi tulikuwa tukicheka, kwa sababu sala ya chakula nyumbani kwetu ilikuwa fupi kuliko ukoo wa Gaju. Lakini Gaju alisikiliza, masikio yamelegea, na maziwa yalishuka.

Papa alikuwa pia na kofia ya manyoya ya kondoo iliyoshindiliwa, ya kahawia, iliyopauka kwa jua. Mama alisema angezikwa nayo. Aliivua kwa mambo mawili tu: kulala, na mtu anapoomba. Wazee wa kanisa letu la mlimani walikuwa hivyo wote. Hata kama alipita nje ya ua wa watu asiowajua, akasikia wanaomba ndani, alisimama njiani, akaivua, akangoja amina, ndipo akaenda zake.

Vita ilipofika kwetu tuliondoka asubuhi, bila kufunga nyumba. Mama alikuwa na mdogo wetu Ombeni mgongoni, wa miezi minne. Papa alimshika Gaju kwa kamba, na ndama wake akatufuata. Bahati, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alibaki nyuma ili awalete ng'ombe wengine kwa njia ya juu, tukutane kabla ya mji wa Sake. Tulingoja pale tulipopatana. Watu walipita na magodoro vichwani. Waliotoka njia ya juu walisema kule kunapigwa risasi, kisha wakaendelea kutembea. Tulingoja mpaka Papa akasema tusogee. Siku hiyo ndama akafa. Papa alimfunika kwa majani ya migomba, akatembea bila kutazama nyuma. Siku ya tatu maziwa ya Mama yakakauka.

Kwenye kona moja, tukiteremka, mvua ikinyesha, Mama akasimama katikati ya barabara. Watu wakampitia huku na huku. Akafumba macho. Hakupiga kelele wala hakuinua mikono, alisema kama mtu anayeongea na jirani ng'ambo ya ua.

"Mungu, sina kitu kingine. Ukinirudishia Bahati muzima, hii Gaju ni yako. Nimesema. Amina."

Papa alikuwa nyuma yake, kamba mkono mmoja, mimi mkono mwingine. Aliniachia. Akavua kofia. Mvua ikamshukia kichwani, ikamtiririka hadi kwenye kidevu. Amina ilipokwisha akaivaa, akanishika tena mkono, na hakusema neno. Tukaendelea kuteremka.

Goma tulipokewa mtaa wa Ndosho kwa shangazi yangu, dada yake Papa. Mume wake alikuwa fundi wa chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedali ambayo Goma yote hubebea viazi na makaa. Watoto tulimwita Tonton. Alitupa chumba kimoja cha mbao na bati, na Gaju akafungwa uani, katikati ya magurudumu ya mti ambayo hayajakamilika.

"Shemeji, umeniletea nini?" Tonton aliuliza siku ile ya kwanza, mikono kiunoni. "Hapa Ndosho hata mbuzi zinakula karatasi. Hii itakula nini, mawe?"

"Itakula," Papa alisema.

"Ikila chukudu zangu nitapanda yenyewe kwenda sokoni."

Kila asubuhi Papa na mimi tulizunguka tukiokota majani ya viazi na maganda ya ndizi. Mara nyingine tulifika hadi Munigi kukata nyasi zilizoota katikati ya mawe, mwanya mmoja mmoja, kama mtu anayechambua mchele. Gaju alikonda. Lakini Papa alimwegemea ubavuni, akamtajia mama yake na bibi yake, na ingawa ndama hakuwepo, sufuria ndogo ilipata maziwa ya kumtosha Ombeni. Kwa mtu mwingine Gaju hakutoa kitu. Shangazi alijaribu mara moja, akarudi na sufuria kavu na alama ya mkia shavuni.

Siku ya kumi na moja tangu tufike, Bahati alisimama mlangoni pa ua. Alivaa koti la mtu mzima ambalo hatukulijua. Mama alikuwa anafua. Alimtazama, akapangusa mikono, akaingia ndani, akatoka na viazi vitamu viwili kwenye sahani. Bahati alikula amesimama. Mama akamshika sikio moja, kisha la pili, akamgeuza kidogo, akamtazama mgongo. Hakuna aliyelia. Ninakumbuka nilikuwa nikingoja mtu aanze ili na mimi nijue kama nianze.

"Na zingine?" Papa akauliza.

"Zilienda," Bahati akasema.

Mpaka leo hilo ndilo jibu tulilonalo.

Asubuhi iliyofuata, Papa akiwa ameshika sufuria, Mama akamwambia, "Jumapili tunamupeleka Gaju."

"Wapi?"

"Kwa mwenyewe."

Papa aliweka sufuria chini. Katika nyumba za wafugaji wa kwetu mwanamke huyapokea maziwa, huyachemsha, huyasukasuka mpaka siagi itoke, lakini kamba ni ya mwanamume. Hata Mama alijua.

"Ng'ombe haitolewi na mwanamuke," Papa akasema. "Ilibaki moja. Na mutoto atakunywa nini?"

"Sijui."

"Mungu hana njaa ya ng'ombe yangu."

"Hakuniomba kitu," Mama akasema. "Ni mimi njo nilisema."

Hakulirudia tena. Ila tangu siku ile hakuonja maziwa, hata yale yanayobaki kwenye kijiko, na kila alipomnywesha Ombeni alimwambia polepole, "Kunywa, mutoto. Kunywa ya mwenyewe." Papa alisikia kila siku. Jumapili mbili zikapita.

Tonton ndiye aliyeleta wazo. Hakukosa kanisani, na alipenda kukaa mbele, lakini mahubiri aliyabeba vipande vipande, kama alivyobeba mbao.

"Shemeji, si umwite Pasta? Iko kwenye kitabu cha Hesabu. Mwanamuke akitoa nadhiri, bwana anaweza kuifuta. Niliisikiaka mimi mwenyewe."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Mungu naye aliwahurumia wanaume."

Shangazi akamrushia kipande cha mti. Lakini nilimwona Papa akinyooka mgongo, kwa mara ya kwanza tangu tufike Ndosho. Alivaa shati la kuazima akaenda mwenyewe kumwita Pasta.

Pasta alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alikaa juu ya chukudu isiyo na gurudumu, akatusikiliza wote kwa zamu, akafungua Biblia. Alisoma kwa kidole. Alisoma kwamba mke akitoa nadhiri, mume wake akaisikia, akaikataza siku ileile, basi nadhiri haina nguvu, na Bwana atamsamehe mke. Tonton alitikisa kichwa kukubali kila neno kama aliyeyaandika yeye.

"Basi nimeikataza," Papa akasema.

"Ngoja, muzee. Sura haijaisha."

Pasta akaendelea. Lakini kama mume aliisikia na akanyamaza, kunyamaza kwake kumeithibitisha. Akija kuivunja baadaye, kosa ni lake, ataubeba uovu wa mkewe. Tonton aliacha kutikisa kichwa.

"Hapo nafikiri nilisinzia," akamnong'oneza Shangazi.

Pasta akavua miwani. "Papa Bahati, siku ile ulimusikia?"

Papa alimtazama Gaju, si Pasta. "Mvua ilikuwa mingi," akasema. "Sikusikia."

Mama aligeuka akamtazama. Yeye siku ile alikuwa amefumba macho. Aliyeona ni mimi tu, niliyekuwa mlangoni na Ombeni mgongoni.

"Basi mama aliomba peke yake," Pasta akasema taratibu, akikunja miwani. "Mume wake hakukuwa ndani ya ile sala. Kama ni hivyo..."

Nilifikiri anamsema Papa vibaya. Niwaambie kweli, hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu. Niliona mgeni, tena mtu wa Mungu, anamhesabu baba yangu pamoja na wale wanaume wanaoacha wake zao waombe huku wao wanatazama mawingu. Kwetu hiyo ilikuwa aibu kubwa. Nikataka kumtetea.

"Apana, Pasta," nikasema. "Papa naye aliomba. Alivua kofia."

Nilisema kwa fahari. Nilisubiri wafurahi.

Gaju alikuwa akitafuna. Pasta hakunitazama mimi, alitazama kofia iliyokuwa kichwani mwa Papa, na Papa akajua anaitazama. Nyumbani kwetu mtoto aliyempinga mkubwa mbele ya mgeni alipata kofi, na polepole nikaanza kuelewa kuwa labda nimefanya jambo la namna hiyo. Nikamweka Ombeni vizuri mgongoni ili asije akaumia nikipigwa.

Papa angeweza kusema mtoto anaota, au anasema bongo, yaani uongo. Nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa na homa njiani, kila mtu angemwamini yeye.

"Mutoto hasemi bongo," akasema.

Jumapili alimpeleka Gaju mwenyewe. Wengine walileta kuku na vikapu vya viazi mpaka mbele. Gaju alisimama kwenye mlango wa kanisa, kichwa ndani, mwili nje. Mama alisimama akaeleza kusanyiko alichosema njiani, kwa maneno yaleyale, bila kuongeza. Bahati alisimama karibu naye ndani ya lile koti. Akina mama wakapiga vigelegele. Uso wa Mama ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza tangazo linalowahusu watu wengine. Papa akampa shemasi kamba, akatoka kabla ya baraka.

Kanisa halikumuuza Gaju wala kumchinja. Darasa la nyuma ya kanisa lilikuwa limejaa mama waliokimbia kama sisi, na watoto wao wachanga. Pasta akasema Gaju atabaki uani pale, na maziwa yake yatakuwa ya hao watoto. Jumatatu asubuhi Mama alichukua kikombe akaenda kupanga mstari na wengine, nami nikamfuata.

"Wewe njo mwenye ng'ombe," Shangazi, aliyetusindikiza, alimwambia. "Pita mbele."

"Apana," Mama akasema. "Mimi niko mwenye mutoto."

Tukasimama nyuma. Lakini mstari haukusogea. Shemasi alikamua hakupata kitu. Akaja kijana mmoja aliyejisifu kuwa amelelewa na ng'ombe, akapiga mluzi, akabembeleza, akapata matone yasiyofunika kitako cha kikombe. Gaju alisimama ameinua kichwa, masikio yamekaza, kama mtu aliyealikwa mahali na mwenyeji wake hayupo. Jumanne hivyohivyo. Ombeni alinywa maji ya uji, na kilio chake kikawa chembamba, kisha kikawa kitu unachokiona mdomoni kuliko kukisikia.

Papa alijua. Alikuwa chumbani, amekaa akitazama ukuta wa mbao, na kila tuliporudi na kikombe kikavu alikitazama mara moja, akageuza macho. Mama hakumwomba. Nilimngoja aseme, nikafikiri amekasirika, au amechoka mpaka amesahau kuwa na mume anayejua kukamua. Alilaza kikombe kifudifudi, akaketi.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi ndiye niliyemnyang'anya baba yangu ng'ombe wake kwa sentensi moja. Nilipokua nikasikia wahubiri wengi wakisema juu ya nadhiri: timiza, usichelewe, heri kutokuahidi kuliko kuahidi na kurudi nyuma. Wanasema kweli. Lakini wote husema kana kwamba nadhiri hukamilika siku kamba inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, watu wakipiga vigelegele. Sikuwahi kusikia mmoja akisema juu ya Jumatano inayofuata. Jumapili Papa alitoa alichoshindwa kukikatalia. Alikitoa kama mtu anayevuliwa koti, mikono imelegea tu. Mama alikuwa amemaliza nadhiri yake, ndiyo maana hakuweza kumwomba. Ya Papa ilikuwa haijaanza. Alikuwa ameiitikia kwenye mvua bila kutoa sauti, na sasa ilikuwa lazima aitimize bila mtu kumlazimisha, la sivyo Gaju angebaki wa Papa, hata kama amefungwa kanisani. Na mimi sikumnyang'anya kitu. Nilimrudishia sala aliyokuwa amejaribu kuikana. Hayo ninayasema leo. Siku ile niliona tu mgongo wake.

Jumatano asubuhi Mama Pasta, mke wa mchungaji, akabisha hodi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye pumzi fupi, na alikuwa ametembea haraka. Hakukaa.

"Papa Bahati, batoto banalia. Ile ng'ombe inakatala batu bote."

"Haiko yangu tena," Papa akasema, bila kugeuka.

"Ni kweli. Ingekuwa yako ningekuomba maziwa. Leo ninakuomba mikono tu."

Tonton alikuwa kizingitini na randa mkononi. Mama alimhamisha Ombeni kutoka paja moja kwenda jingine. Mama Pasta akangoja kidogo, akasema haya, akarudi alikotoka, na Tonton akasogea kumpisha.

Papa alikaa. Sijui ni muda gani. Nilihesabu misumari ya ukuta, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Kisha akasimama, akachukua jagi la maji, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kidole kimoja kimoja, kama alivyonawa Masisi kabla ya kukamua. Hakupangusa. Alimwomba Mama siagi kidogo. Mama akampa, ya kukwangua tu kutoka kwenye chombo, na vidole vyao vikagusana, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Akajipaka viganjani. Midomo yake ilikuwa imeanza kutembea, na nikasikia jina la mama yake Gaju, kisha la bibi yake.

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake kwa kiwiko, ili asiuchafue mkono, mpaka ukafunga.